Jani la Isale na Leseni ya Jesse

Rau, Moshi
3 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na unaweza tena kushuka kwenye kahawa. Barua hii anayo Mama Evelyn, anarudi huko na makapu yake matupu baada ya soko. Kwenye simu hunisikii, na jambo hili siwezi kulipigia kelele mpaka majirani wote wa Mwika walijue kabla yako.

Sisi wazima. Gladness ameng'oka meno mawili ya mbele, siku hizi anacheka huku ameziba mdomo kama bibi harusi.

Baba, leseni ya yadi inaisha mwisho wa Julai. Wewe unajua magari yale si yetu. Watu wameyaleta tuwauzie, na mwenye gari akiingia, kabla hajanisalimia anatazama ile fremu ukutani. Leseni ikiisha wataondoka na magari yao, na mimi sina shamba wala mshahara. Mimi na Gladness tunaila ile yadi.

Nimekwenda kuihuisha. Dada wa dirishani ni mpole kweli, aliniletea hata kiti. Akaniambia leseni ni ya Jesse, kwa hiyo aje Jesse. Nikamwambia Jesse alipeleka gari la mteja Tunduma mwaka jana mwezi wa tatu na hajarudi, polisi wanajua, hospitali zote za njiani tumeuliza. Akasema: "Mama, mfumo unamtaka yeye, au hati yake, au karatasi ya mahakama kwamba hayupo tena. Kutoweka haukujui." Niliuliza kama naweza kuanza upya kwa jina langu. Mkataba wa kiwanja ni wa Jesse, jina la biashara ni la Jesse, na mwenye kiwanja hataki kuubadilisha bila Jesse au mahakama.

Na mahakama itaanzia kwenu. Inataka muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye saini yako, kwamba Jesse amefariki na mimi ndiye msimamizi wa mali zake.

Najua ninachokuomba, Baba. Neno hilo sijawahi kuliandika mpaka leo. Nimekaa nalo hapa mezani nikalia, kisha nikaliandika.

Mkweo,
Eunike


Mwika
9 Juni 2024

Mwanangu Mama Gladness,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mara nyingi. Mguu unaendelea vizuri. Kahawa ya upande wa chini imeanza kuiva, huku juu bado. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, ndama ni dume, sikufurahi sana. Mwambie Gladness asizibe mdomo, hata mimi sina meno ya mbele na bado nasoma neno kanisani.

Kuhusu kikao, tusiharakishe. Mtu haandikwi marehemu kwa ajili ya fremu ya ukutani. Mimi ni mzee wa kanisa, na muhtasari wa namna hiyo ni kiapo. Tuendelee kuomba na kusubiri.

Nakutumia maziwa kidogo na ndizi za mtori.

Baba yako,
Mwl. Ndelilio


Mwika
9 Juni 2024

Jesse,

Sikusalimu. Barua hii anakuletea Sirili, yule yule aliyeniletea yako Krismasi, watu wote walipokuwa wamerudi nyumbani na mimi nikakaa hapa nikitazama njia. Nilifurahi kwamba u hai. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipofika ukurasa wa pili.

Huyo mwanamke na mtoto mliyempata huko siwaulizi. Nakuuliza habari ya mkeo. Sasa ameniandikia anataka nimzike mwanangu ili yeye na binti yako wapate kula. Leseni ya yadi inaisha. Bila wewe haihuishwi.

Nenda kwa wakili hapo Tunduma, uandike hati kwamba umempa Eunike mamlaka yote juu ya yadi. Saini moja. Sikuombi urudi, maana nimeona kurudi hukuwezi. Nakuomba saini.

Uliniapisha nisimwambie, nami nikanyamaza, kwa aibu yangu zaidi kuliko kwa ajili yako. Alikuja Pasaka, akanishika mkono nje ya kanisa akaniambia tusikate tamaa. Mimi nilitazama viatu vyangu, Jesse. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi wasiseme uongo.

Baba yako


Rau, Moshi
24 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Maziwa na ndizi zimefika. Asante.

Nimesubiri kama ulivyosema. Wenzangu katika kusubiri ni watu wawili wenye magari, ambao wamekwisha pata habari kuhusu leseni na sasa wanapita kila asubuhi kuona kama nipo. Fabian, dalali wetu yule wa Masama, anawaambia mambo yako mbioni. Anasema uongo vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na bado hawamwamini.

Sasa nisikilize, kwa heshima zote. Wiki iliyopita shemeji Denis alikuja yadi. Hakukaa. Alizunguka uani mikono nyuma, akatikisa geti, akauliza kiwanja kinaishia wapi upande wa mtoni. Nilimpa chai, akaiacha. Nikakumbuka ile siku ya kwanza Jesse aliponileta kwenu, Mnyiramba wa watu nisiyejua hata kumenya ndizi, Denis akanitembeza kihambani, ndani ya migomba yenu, akinionyesha mimea ya masale iliyopandwa pembeni. Akasema hapa ndipo kwetu panapoishia, shemeji, upande wa pili si wetu. Nilidhani ananikaribisha.

Kwa hiyo nauliza. Unakataa kikao kwa sababu unamsubiri Jesse, au unamwekea Denis ile yadi? Kama ni hilo la pili niambie tu. Nitaumia, lakini nitajua nipo wapi.

Jesse akirudi kesho nitairarua hiyo karatasi ya mahakama mbele yake, na tutacheka. Najua hatarudi. Mtu anayempenda binti yake vile hawezi kukaa kimya muda wote huu kama anapumua.

Mkweo,
Eunike


Tunduma
30 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, naandikia juu ya boneti ya gari, Sirili anapiga honi anataka kuondoka.

Hiyo hati siwezi. Wakili atagonga muhuri wenye jina la Tunduma, na Eunike akiuona tu, kesho yake yupo stendi hapa. Unamjua yule. Atanitafuta gereji kwa gereji.

Baba, mimi sikupanga. Nilikuja na gari la mteja, nikachelewa kidogo, nikachelewa tena, ikafika mahali kurudi kukawa na maelezo mengi kuliko kutorudi. Kila siku nasema kesho nitapiga simu. Huku nauzauza magari, yadi sina, tunauzia barabarani.

Mimi naona usign hicho kikao. Andika nimekufa. Ni karatasi tu. Eunike atapata yadi yake, mtoto atasoma, watu watalia kidogo na yataisha. Itakuwa nafuu kwa kila mtu.

Mpe Gladness hela hii kidogo, usiseme imetoka kwangu.

Mwanao,
Jesse


Mwika
7 Julai 2024

Mama Gladness,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa nangoja jambo fulani, na halikuja.

Kikao sitakiitisha. Nimelifikiri kanisani, nimelifikiri kaburini kwa mama yenu Margareta, nimelifikiri kitandani, na mkono wangu haukubali kuandika neno hilo. Huyu ni mtoto niliyemshika siku aliyobatizwa.

Kuhusu Denis sitabishana nawe. Ukiona ni kwa ajili yake, basi amini hivyo.

Zimo fedha kidogo kwa Gladness, za madaftari.

Ndelilio


Rau, Moshi
10 Julai 2024

Baba,

Fedha nakurudishia kwa mkono wa Mama Evelyn. Gladness ana madaftari.

Nilikuwa bado natumaini utakana. Ningekuamini hata kama ungekana vibaya.

Asubuhi hii lile Noah jeupe limeondoka, na baada yake lile gari la mwalimu wa Rau. Mwenyewe aliniomba radhi, akasema mke wake anamsumbua. Fabian aliyasukuma mpaka barabarani kwa sababu betri zilikuwa zimelala. Ua umekuwa mkubwa ghafla, nilikuwa sijui una miche ya mabungo kule nyuma.

Umesema ulimshika mtoto siku ya ubatizo. Wangu mimi nani atamshika, Baba?

Eunike


Rau, Moshi
22 Julai 2024

Mzee Ndelilio,

Shikamoo.

Mkungu umefika, na jani lililofungwa kwenye shina lake nimeliona. Barua haikuwamo, na haikuhitajika. Mnyiramba mimi, lakini nimekaa na Wachagga kiasi cha kujua isale ni nini. Ni mpaka. Denis alinifundisha siku ya kwanza, na wewe umenikumbusha siku ya mwisho. Kwenu kunaishia hapa, mimi niko upande wa pili.

Ungeandika tu. Barua ingeniuma kidogo kuliko jani.

Ndizi nimezigawa kwa majirani. Usijisumbue kutuma nyingine. Sitaleta tena habari ya kikao, wala sitakuja kwenye mavuno, wala Gladness hatakuja likizo. Mpaka nimeuona.

Eunike


Mwika
28 Julai 2024

Jesse,

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na wewe ndiye mwenye kosa hili pamoja nami.

Nilikwenda pembeni ya kihamba nikakata jani la isale, nikamfungia Eunike kwenye mkungu. Barua sikuweza. Kila nikianza kuandika nakuta nimeandika jina lako, nachana. Nikasema jani litatosha, na yeye atakuja aniulize kosa langu ni lipi, hapo nitamwambia uso kwa uso, mdomo utafunguka wenyewe.

Amelikataa. Anasema ni mpaka. Ameandika maneno machache, na katika hayo hakuna hata moja la baba. Tangu nizaliwe sijasikia isale limekataliwa, hata na watu waliouliana ndugu. Nimekaa ndani siku hizi, kanisani nimesema naumwa mguu.

Na ndugu yako Denis nimemfanya mwizi. Mimi ndiye niliyemtuma Rau. Alikuwa akipima geti ili amwekee shemeji yake kufuli jipya, kwa sababu nilimwambia mwanamke yuko peke yake. Hajui kwa nini anachukiwa.

Unasema niandike umekufa, ni karatasi tu. Nikishaandika hivyo, siku ukija kugonga mlango huu nitamfungulia nani?

Baba yako


Rau, Moshi
18 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Naona nimerudi kukuita Baba. Soma kwanza, utajua kwa nini.

Leseni iliisha, kama ilivyotakiwa kuisha. Nilikwenda dirishani mara ya mwisho nikiwa sina kitu mkononi, sijui nilitaka nini, labda kile kiti. Magari yote yamechukuliwa. Kibao cha geti tumekiteremsha, na mwenye kiwanja ameshaleta mtu wa kufyatua matofali. Shemeji Denis alikuja siku ile ile na kufuli kubwa jipya. Akaona hakuna cha kufungia, akalia pale pale getini, nami nikasimama kama gogo kwa sababu nilikuwa nimemchukia muda mrefu na sikujua niufanyie nini uso wangu. Nimemwomba radhi. Ameniambia wewe ndiye uliyemtuma apime.

Jana Fabian alikuja kuchukua vitu vyake. Lile jani lako lilikuwa kwenye dirisha la ofisi yetu limekauka, sikulitupa, sijui kwa nini. Akalishika, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Gladness, nani amekukosea hivi?"

Nikamwambia hakuna, huo ni mpaka wa wakwe zangu. Fabian, ambaye kwa kawaida anacheka hata msibani, hakucheka. Akasema isale linapandwa mpakani, sawa. Lakini likikatwa likaletwa kwa mtu, ni msamaha unaombwa, na mzee hawezi kumletea mkwe wake isale kwa kosa dogo. Tena halikataliwi, huko kwao Masama angeona aibu hata kusimulia kwamba limekataliwa.

Kwa hiyo tangu jana nimekaa natafuta kosa lako.

Denis si kosa, hilo nimeshaliona. Kukataa kikao nako si kosa. Uliniambia mkono haukubali, na mtu hakati isale kwa sababu anampenda mwanawe. Nikarudia barua zako zote. Umesema muhtasari ni kiapo. Umesema ulikuwa unangoja jambo fulani, na halikuja. Na katika barua zote hizo, Baba, hujawahi kuandika hata mara moja kwamba unatumaini yu hai. Mtu asiyejua angetumaini. Mimi mwenyewe nilitumaini mpaka nikachoka.

Wewe hukuhitaji kutumaini.

Anaishi wapi?

Eunike


Mwika
21 Agosti 2024

Mwanangu Eunike,

Umesoma vizuri.

Yuko Tunduma. Ana mwanamke na mtoto. Nilijua tangu Krismasi. Nilimwomba saini moja ya kukuokoa, akakataa, nami sikumtaja. Nilifikiri namlinda yeye, kumbe nilikuwa nauficha uso wangu mwenyewe.

Ukitaka kumfuata, Sirili anajua mahali. Nauli nitatoa mimi, nitauza ndama.

Naomba tu ulipokee lile jani.

Ndelilio


Rau, Moshi
1 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Usimuuze ndama. Tunduma siendi. Nilifungasha begi kabisa, nikakaa juu yake, nikajiuliza nikimkuta nitamwambia nini, nikaona kila ninalotaka kumwambia ni la mtu ambaye ningependa arudi. Begi nimelifungua.

Nimekasirika, na nitakwambia nilichokasirikia, kisha nisikitaje tena. Uliogopa kusema uongo kwenye karatasi. Uongo mmoja, saini moja, na mimi ningekuwa na yadi leo. Lakini ule wa kunificha ulinifanyia Pasaka, ukaniandikia Juni, ukaniandikia Julai. Hakimu na mchungaji umewaheshimu. Mimi ndiye uliyeona naweza kudanganywa. Kama ungeniambia tangu Krismasi ningelia, ningepiga kelele, na ningepata muda wa kutafuta njia nyingine kabla kila kitu hakijaisha. Ulichonichukulia ni muda.

Jani nimelipokea. Fabian anasema halikataliwi, na sitaki uwe wa kwanza katika ukoo wenu. Nimelitundika kwenye ule msumari wa ofisini uliokuwa na leseni, mpaka watu wa matofali watakapobomoa kibanda. Lala, Baba. Nenda kanisani. Mimi nimesamehe, ingawa sioni kama kuna kitu kimerudi mahali pake kwa sababu hiyo.

Mwezi huu tunakwenda Singida kwa kaka yangu. Ana duka la vifaa vya baiskeli na amesema kuna nafasi nyuma. Nimekubali kwa sababu hakuna kingine.

Sasa na mimi nina ombi, na hili nalo halikataliwi. Juzi Gladness aliniuliza tena baba anarudi lini, kwa sababu meno yameanza kuota na alitaka ayaone kabla hayajamaliza. Nilimkalisha kitandani nikamwambia baba yake alikufa njiani, gari lilipinduka, hakuumia muda mrefu. Alilia mpaka akalala. Asubuhi aliuliza kaburi liko wapi. Nikamwambia liko Mwika, kwa babu, karibu na bibi Margareta.

Tutapita kwako kabla ya kuondoka. Atataka kuliona. Chagua mahali, Baba, uchimbue udongo kidogo, na upande shina la isale pembeni yake, lile linaloota. Kwa mahakama ulikataa kusema amekufa. Kwa huyu utasema.

Mkweo,
Eunike